Sababu ya Kubaki Tanga

Dirma, Hanang
11 Januari 1981

Mdogo wangu Nicodemo,

Pokea salamu nyingi. Usishtuke kuona mwandiko huu. Si wa katekista Joakimu, ni wangu mwenyewe. Nimemaliza masomo ya watu wazima na nimepewa cheti, na mwalimu anasema herufi zangu ni nzuri ila zinapanda mlima. Miaka yote nimekuandikia kwa mkono wa Joakimu, na mengi niliyameza, maana Joakimu ni mtu mwema lakini mke wake hana siri. Sasa tutaongea sisi wawili tu.

Huku hatujambo. Mama hajambo, ila magoti yamekataa kupanda mlima, na anasema jua la siku hizi si jua la zamani. Wake zangu hawajambo, watoto hawajambo. Mvua ilikuja kidogo ikaondoka bila kuaga. Yule mtamba ambaye mama alimtolea mwanao Gidamis, siku tulipopata habari kwamba mmempa jina la baba yetu, amezaa tena, na ndama ni jike. Mtoto hajatia mguu Dirma lakini tayari ni tajiri kuliko baba yake. Mama anacheka kila jioni akiwakamua, anasema anakamua ng'ombe wa mume wake mdogo.

Sasa neno lenyewe. Shamba la ngano la serikali limesogea tena. Zamani lilikuwa ng'ambo ya korongo, leo ukisimama mlangoni kwangu unaona ngano mpaka macho yanachoka. Malisho yaliyobaki kijiji kimeamua kuyagawa. Mkutano utakuwa baada ya mavuno ya shamba. Majina yatasomwa, na kila mwenye jina atajibu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yupo na kwamba hapa ndipo kwao. Asiyejibu, sehemu yake atapewa mwingine. Jina lako linafuata langu. Ukijibu, sehemu zetu zitashikana mpaka kwenye maji na ng'ombe watapita. Usipojibu, atawekwa mtu katikati yetu na maji, na mimi nitabaki na nyasi kavu.

Kwa hiyo rudi. Sisemi uje kutembea, nasema urudi. Umekaa huko tangu ukiwa kijana na sasa una mvi. Nieleze basi, huko Tanga kuna nini ambacho sisi hatuna?

Ni mimi kaka yako,
Gidahosh Gidamis


Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani
Tanga
8 Machi 1981

Kaka Gidahosh,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu na ya Severina. Barua yako ilikaa muda mrefu njiani, nadhani lori la posta nalo linasubiri mafuta kama sisi. Nilipoiona nilifikiri mwalimu fulani ameniandikia. Niliposoma kwamba ni mkono wako niliifunga, nikaiweka mfukoni, nikamaliza kwanza kuziba tairi la mteja, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri. Hongera sana. Herufi zinapanda mlima kwa sababu mwenye nazo ni mtu wa Hanang.

Sisi ni wazima. Severina anakusalimu, bado anauza vitambaa alivyodarizi. Juliana yuko darasa la sita na anajibu watu kama hakimu. Didas ameanza kutembea, akianguka anatazama nani amemwona.

Umeuliza Tanga kuna nini. Nitakuambia bila kuficha, kwanza hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, tairi jipya la baiskeli ni hadithi. Jana Severina alipanga foleni asubuhi mpaka adhuhuri akarudi na kiberiti. Lakini naupenda mji huu, kaka, na sababu ninazo.

Huu ni mji wa baiskeli. Shehe anapanda baiskeli, padri anapanda baiskeli, karani wa mahakama anapanda na suti yake ameifunga suruali kwa kamba isiguse mnyororo. Mimi nikiwa nimekaa kibarazani natengeneza gurudumu, namjua mtu anayepita nyuma yangu kwa mlio wa baiskeli yake kabla hajasalimia. Kama wewe unavyojua ng'ombe wako kwa kengele. Barabara zetu zina namba, kwa hiyo mgeni hapotei. Akisema kumi na nne, ataletwa mpaka mlangoni. Maji yanatoka bombani siku yanapotaka. Jioni watu hutandika majamvi nje wakabishana nani anachoma vitumbua vizuri zaidi, wanaenda kulala hakuna aliyeshinda, na kesho wanaanza upya. Hakuna anayeniuliza nina ng'ombe wangapi. Na ule upepo wa kwetu wa mwezi wa saba, unaoingia mpaka kwenye mifupa, huku haujui njia.

Habari ya malisho nimeisoma na ninaifikiria. Nipe muda. Je, kilima cha kaburi la baba kikoje? Mvua ikiwa ndogo udongo wake hupasuka, naomba mkipake.

Mdogo wako,
Nicodemo


Dirma
26 Aprili 1981

Nicodemo,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, kwanza kwa kujifunza, halafu kwa hasira. Kiswahili chako kimetiwa chumvi ya pwani mpaka mwalimu alinisaidia maneno mawili. Huku tu wazima. Ng'ombe mmoja wa mke wangu mdogo alivunjika mguu, tukamchinja. Mama alikula ini lote akasema magoti yamepona, kesho yake hayajapona.

Sasa sababu zako. Unapenda mji kwa sababu hakuna anayekuuliza una ng'ombe wangapi. Mtu anayekimbia swali hilo ni mtu asiye na ng'ombe. Unapenda barabara zenye namba. Huku hatuna namba na mimi sijapotea hata siku moja. Unapenda watu wanaobishana juu ya vitumbua. Mdogo wangu, hiyo ndiyo sababu ya kumwacha mama yako akizeeka bila kuwaona wajukuu? Kama una sababu nyingine iseme, maana hizi hazimshiki mtu mzima mwenye akili. Watu wanasema mkataa kwao mtumwa. Mimi sijakuita hivyo. Nimekuandikia tu ujue watu wanasema nini.

Umeuliza kilima cha baba. Njia ya kwenda boma letu la zamani imezibwa na ngano, kwa hiyo siku hizi siendi mara kwa mara. Tuliache hilo.

Mama anauliza Gidamis yuko darasa la ngapi. Umemtaja Juliana, umemtaja Didas. Barua ya mwaka jana aliyonisomea Joakimu pia ulimsahau. Nimemwambia mama labda mkono wako ulichoka. Anataka picha yake hata ndogo. Anasema kama amechukua pua ya babu yake, basi masikini, lakini atapendwa hivyo hivyo.

Mkutano bado haujatajiwa siku. Ukitajwa nitakuandikia, na wewe utapanda gari.

Kaka yako,
Gidahosh


Tanga
5 Julai 1981

Kaka,

Shikamoo, na kwa mama shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si posta iliyochelewesha. Niliandika mara ya kwanza nikachana.

Sisi ni wazima. Severina aliumwa homa, amepona. Watoto hawajambo.

Unasema sababu zangu hazimshiki mtu mzima. Basi nikukumbushe nilivyofika huku, maana nadhani nyumbani mmesahau. Serikali ya Waingereza ilipotaka kila familia itoe mtoto mmoja wa shule, baba alitutazama sisi wawili. Wewe ulikuwa unajua kuita ng'ombe ukiwa mbali, wakaja. Mimi nilikuwa mdogo, mwenye kikohozi. Baba akatoa yule ambaye angeweza kukaa bila yeye. Sikulaumu wewe, ulikuwa mtoto kama mimi. Lakini mtu akishatolewa, kaka, asiulizwe kwa nini alikaa alikopelekwa. Baba alipokufa nilipewa ruhusa, nikaja, nikabeba udongo wa kilima chake pamoja nanyi, nikamwona kila mtu analia. Nililia pia. Halafu ng'ombe wakaenda malishoni, mimi nikarudishwa shule.

Nilipotoka shule nilikuja kukata mkonge huku. Nilipoingia mjini watu waliniita Mmang'ati. Kina mama walikuwa wanaita watoto ndani nikipita, wakidhani nina mkuki kwenye suruali. Aliyenipokea ni mzee mmoja fundi baiskeli, Mbondei, Kasian jina lake. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alinipa spana siku ya kwanza. Ndiye aliyenifundisha kazi, ndiye aliyenipeleka kwa wazazi wa Severina kusema kwa ajili yangu, na nilipomuuliza kwa nini anajisumbua alisema anataka mtu wa kumrithisha kelele. Amezeeka sasa, ananisahihisha akiwa amekaa kitini.

Kwa hiyo sitarudi. Nimelisema, na kulisema kumeniuma. Ukihitaji msaada wa kesi au wa barua kwa wakubwa, nitakuandikia ya Kiswahili kizuri, lakini kujibu mbele ya mkutano kwamba Dirma ndipo kwetu, hapana.

Kuhusu wale ng'ombe wa Gidamis, mwambie mama asijisumbue. Wahesabiwe kuwa wa Didas, au wagaweni kwa watoto wako. Mimi nimeridhia.

Nicodemo


Dirma
18 Oktoba 1981

Mdogo wangu,

Umesubiri jibu na mimi sikuandika. Mavuno ya shamba yamekwisha, mashine zao kubwa zimerudi kwenye banda, na mkutano umesogezwa mpaka Desemba. Sikuandika si kwa sababu ya hasira, ingawa nilikuwa nayo. Niliandikiwa kwamba baba alinitazama mimi akakutoa wewe, na ni kweli. Nilikuwepo. Usiku ule baba hakula. Hilo wewe hukuliona, kwa sababu walikulaza mapema usafiri kesho. Alisema amempeleka mwenye kikohozi kwa watu wenye dawa. Sikukuambia miaka yote kwa sababu nilidhani unajua.

Lakini barua hii ni ya mama kuliko yangu. Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale uliposema ng'ombe wa Gidamis wahesabiwe kuwa wa Didas, alinishika mkono akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Halafu akasema, "Baba hagusi ng'ombe wa mwanawe aliye hai. Nicodemo amekaa pwani lakini hilo hawezi kulisahau." Baada ya hapo alitoka akaenda kukaa zizini, na mimi sikumfuata.

Unajua wewe na mimi ninajua. Ng'ombe wa mtoto ni wa mtoto hata kama baba yake anakufa njaa. Mama ameshakuelewa. Anachotaka ni umwambie mwenyewe, kwa sababu hawezi kumlilia mjukuu wake kwa kubahatisha.

Na kwa kuwa ninakuomba jambo zito, nitatangulia kutoa langu. Kilima cha baba hakipo. Kililimwa mwaka jana mwezi wa pili. Nilikuwa nimepeleka ng'ombe mbali kwa sababu ya ukame, niliporudi nikakuta ardhi nyeusi imelainishwa yote, boma letu la zamani, mahali pa zizi, mahali pa mama pa kukoka moto, na kilima. Nilimfuata dereva wa trekta. Alishuka akavua kofia, akasema alidhani ni kichuguu. Alikuwa kijana mpole kutoka mikoa ya mbali, aliniomba msamaha karibu apige magoti. Ningependa angekuwa mtu mbaya, ningejua la kufanya. Alijuaje kwamba kwetu mzee mwenye heshima hujengewa mlima mdogo, na kwamba koo zote zilikuja na asali, na kwamba watoto wake walibeba udongo ule kwa miezi? Aliona udongo umeinuka, akapita juu yake.

Baada ya hapo nilijaribu kupatafuta mahali penyewe. Nilisimama nikautazama mlima Hanang, nikatazama korongo, nikasema ni hapa. Kisha nikasema hapana, ni pale. Ngano ilipoota sikuweza tena hata kubahatisha. Sasa sijui baba amelala wapi, Nicodemo, na mimi ndiye niliyeachwa kumlinda.

Mama hajui. Anadhani siendi kwa sababu ya njia kuzibwa. Na wewe sikukuambia kwa sababu nilitaka uje kwanza. Niliogopa ukijua kwamba baba hayupo, hutaona sababu ya kurudi, na mimi sikuwa na sababu nyingine kubwa ya kukuvuta. Nilikucheka na sababu zako za vitumbua, kumbe mimi yangu ilikuwa imekwisha kulimwa.

Nimesema. Sasa sema wewe.

Gidahosh


Tanga
15 Novemba 1981

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, kisha mkae mahali penu wawili tu, umsomee polepole.

Mama, Gidamis alifariki. Ilikuwa mwaka wa vita, mwishoni, vijana wa mtaa wetu walikuwa bado hawajarudi kutoka Uganda. Alikuwa na miaka mitano. Homa ilimshika, tukampeleka hospitali, ikashuka, tukarudi naye nyumbani akala ndizi, ikapanda tena usiku kwa degedege. Hakuna aliyefanya kosa. Nimetafuta sana wa kumlaumu na sikumpata. Alikuwa na pua ya babu yake kweli, na alikuwa hapendi kuvaa viatu. Alijua kwamba ana ng'ombe Dirma. Alikuwa anawaambia wenzake, na hawakumwamini, akawa ananiita kibarazani nije nithibitishe.

Sikuwaandikia kwa sababu nilimpa jina la baba, na nikaona kama nimemfisha baba mara ya pili. Kisha barua ya Joakimu ikaja ikisema mtamba amezaa. Nikasema nitajibu wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka. Kila ng'ombe yule alipozaa, kukiri kukawa kugumu zaidi. Mama, nisamehe. Severina aliniambia mara nyingi niandike na mimi nilimkasirikia.

Kaka, sasa nikueleze jambo ambalo sikulisema katika zile sababu zangu. Siku ile asubuhi nilikuwa nimekaa ndani na mtoto amefunikwa, na nilichofikiri ni kwamba mimi hapa sina ukoo. Nani atakuja kuchimba? Nyumbani ningetuma mtu mmoja na koo zingefika. Hapa mimi ni Mmang'ati wa Barabara ya Kumi na Nne. Nilianza kutafuta koleo niende mwenyewe.

Nilipofungua mlango barabara ilikuwa imejaa. Mzee Kasian alikuwa amekaa kwenye jiwe na fimbo yake, akaniambia, "Rudi ndani ukae na mkeo, wewe leo huna kazi." Vijana walikuwa wameshakwenda makaburini, Waislamu na Wakristo, na waliochimba zaidi ni wale ambao sala zetu si zao. Kina mama waliingia kwa Severina na majamvi yao, wakalala hapo sakafuni, wakapika, wakamwogesha Juliana, hawakuondoka mpaka matanga yalipoanuliwa. Hakuna aliyeniuliza kabila langu wala chochote. Tulipotoka kwenda kuzika, wateja wangu walikuja na baiskeli, wengi, kwa sababu makaburi yako mbali kidogo. Hawakuzipanda. Mwili ulipobebwa, kila mtu alikokota baiskeli yake kwa mkono kufuata nyuma, mpaka mwisho wa safari. Mji huu haunyamazi hata siku ya mvua, lakini siku ile nilisikia minyororo tu ikigonga taratibu. Nyingine zilikuwa na viraka vyangu mwenyewe. Nilizijua zote bila kugeuka.

Zile sababu nilizokuandikia mwanzo ni za kweli, na ukija utaziona. Lakini hizo ni za kupenda mji. Ya kubaki ni hii moja.

Na habari ya baba imenivunja. Nilikuwa na picha ya kilima kile kichwani kwangu, nikikata mkonge nilikiona, nikiumwa nilikiona. Usijilaumu. Wewe ulikuwa unatafutia ng'ombe majani, na baba angekupiga kama ungewaacha wafe ukikaa kulinda udongo. Nasikitika ulibeba peke yako karibu miaka miwili.

Sasa nimefikiri upya. Wewe ni mkubwa wangu. Huna kilima tena, huna ndugu karibu, na ukikosa maji huna ng'ombe. Nimeongea na Severina. Alilia halafu akakubali. Ukisema njoo, nitakuja kabla ya mkutano na nitajibu. Nitamwacha Gidamis hapa kaburini, na mzee Kasian atamfyekea nyasi akiwa na nguvu. Sitakulaumu. Uamuzi nimeuweka mikononi mwako, nawe uniandikie haraka.

Mdogo wako,
Nicodemo


Dirma
10 Januari 1982

Mdogo wangu Nicodemo,

Barua yako ilifika siku nne kabla ya mkutano. Ningekuandikia njoo, usingewahi. Ningetuma simu ya maandishi kutoka Katesh, ungewahi. Nilikwenda mpaka Katesh, nikasimama nje ya posta, nikarudi. Nitakueleza.

Kwanza mama. Nilimsomea kama ulivyosema, tukiwa wawili. Hakulia pale pale. Aliuliza kama Severina alipata watu wa kumshika siku ile, nikamrudia habari ya wale wanawake na majamvi yao. Akasema, "Basi ana mama huko." Jioni alikamua ng'ombe wa Gidamis, akamwaga maziwa ya kwanza chini huku akiita jina lake, ndipo akalia, na wake zangu wakakaa naye. Mama amesema ng'ombe hao wabaki na jina lao na asiwaguse mtu, wala Didas. Kisha mimi nikamwambia habari ya kilima cha baba, maana nyumba haiwezi kuwa na machozi ya mtu mmoja na uongo wa mwingine. Alinitazama akasema alijua tangu mwaka ule ule kilipolimwa. Alijua kwa sababu nilikuwa nimeacha kumtaja baba. Nicodemo, mimi na wewe tulidhani tunamlinda mama.

Anasema Severina aje na watoto mvua zikipungua, awaone kabla macho hayajafumba. Mje kama wageni, tutawachinjia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa mkutano. Ulifanyika chini ya jua kali, watu walikuwa wengi, na wa shamba walituma karani wao akae pembeni. Mwenyekiti ni Marko, unamkumbuka, tulichunga naye. Majina yakaanza kusomwa na kila mtu alisimama akajibu. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilikuwa nafikiri, mimi nimekwenda pale kwenye ngano nikazunguka kama kipofu nikimtafuta baba, kwa nini nimfanye ndugu yangu amwache mwanawe, ambaye kaburi lake analijua? Lakini pia nilifikiri maji. Nilikuwa na mambo yote mawili kichwani mpaka jina langu liliposomwa. Nikajibu kwamba nipo na hapa ndipo kwetu.

Likasomwa lako. Watu walingoja. Marko akanisogelea akasema kwa sauti ndogo, "Sema yuko njiani, tuendelee." Alikuwa ananisaidia, Mungu ambariki. Ningesema maneno hayo mawili, yuko njiani, nyasi na maji vingekuwa vyetu, na baadaye ningekuita. Nikasimama nikasema, "Mfute. Ndugu yangu kwao ni Tanga."

Kelele zikaanza. Wengine walisema nimekufukuza ili nile peke yangu, wengine walisema umetukana ukoo. Mzee wetu Gidabuyoka, ambaye alibeba udongo wa kilima cha baba pamoja nasi, aliinua fimbo wakatulia, akaniuliza tumegombana nini. Nikasema, "Hatukugombana. Amezika mtoto huko."

Hakuna aliyeuliza la pili, maana sababu hiyo hapa kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua. Sehemu yako ilipewa mtu kutoka kijiji cha Getanuwas. Nimemwomba njia ya maji, hajakubali na hajakataa. Marko alipolipitishia jina lako kalamu, nililia mbele ya mkutano mzima, mtu mwenye mvi, na sikuona aibu.

Niandikie kaburi liko upande gani wa mji, nije nimsalimie mwenyewe.

Kaka yako,
Gidahosh